Mtoto anaimba 2, 4, 6, 8 kama kasuku ila vizibo 10 anapata 20. Kwenu mlifanyaje?

mama_wawili
Wakuu habari za humu. Nina binti yuko darasa la kwanza, miaka 6 na kitu. Wiki iliyopita ticha wao aliandika kwenye grup la wazazi kwamba mpaka shule zinafungwa watoto wote wawe wanahesabu kwa kuruka, yaani mbili mbili, tano tano na kumi kumi. Nikajisemea hilo kwetu limeisha, maana huyu mtoto anaimba 2, 4, 6, 8 mpaka 20 bila kumeza mate, akioga anaimba, akitumwa dukani anaimba, hadi mdogo wake wa miaka 2 na nusu ameshashika mbili nne sita.

Jumamosi naosha vyombo nikamwita, nikamwaga vizibo vya soda 10 sakafuni, nimevihesabu mwenyewe, nikamwambia haya nihesabie hivi kwa mbili mbili. Akaanza kwa mbwembwe zote. Anagusa kizibo cha kwanza "mbili", cha pili "nne", cha tatu "sita", hivyo hivyo mpaka cha mwisho, "ishiriniii!" na mikono juu. Nikamwambia sasa hesabu moja moja. Akapata kumi. Nikamuuliza, haya viko kumi au ishirini? Akaniangalia vile wanavyoangaliaga ukiuliza kitu cha wazi, akasema "kwa moja moja viko kumi, kwa mbili mbili viko ishirini".

Baba yake alicheka mpaka akatoka nje. Mimi sikucheka kwa sababu sikuwa na jibu. Nimejaribu kumweleza kwa mdomo kama dakika 20 hivi, tumeishia kununa wote wawili. Naombeni wenye uzoefu mnisaidie, mlitumia nini? Sitaki mambo ya programu za simu, simu yenyewe kioo kimepasuka na bando ni la kubangaiza. Nataka vitu vya kushika.

kijiti_cha_moto
Naweka kambi hapa. "Kwa mbili mbili viko ishirini" imenimaliza, huyo mtoto mpelekeni kwenye vikoba awatunzie hela, zitajizalisha zenyewe.

mtu_wa_zamani
Vizazi vya siku hizi mnajitafutia kazi. Sisi tebo ilikuwa nyuma ya daftari, unakariri mbili mara moja mbili, mbili mara mbili nne, fimbo iko mezani, Ijumaa unasimama mbele unaitema yote. Vizibo vilikuwa vya kuchezea. Na hesabu tunajua mpaka leo.

kijiti_cha_moto
@mtu_wa_zamani mzee shikamoo, ila waliokariri na kuitema wakafeli ni wengi kuliko nyie mliofaulu, hao hawako humu kujisifia.

ticha_wa_vidudu
Mama wawili pole, ila msinuniane, hapo umeona kitu ambacho wazazi wengi hawakioni mpaka mtoto anafika darasa la tatu kuzidisha kunamshinda. Niko na watoto wa chekechea na darasa la kwanza miaka mingi sasa na wa aina hiyo ninao kila mwaka.

Mwanao anajua vitu viwili na vyote ni sahihi. Cha kwanza anajua wimbo, mbili nne sita nane kwake ni kama a e i o u, maneno yanayofuatana tu. Cha pili anajua sheria ya neno moja kitu kimoja, hiyo ameishika tangu ana miaka 3 au 4, na ni wewe uliyemfundisha pale ulipokuwa unamshika kidole mnagusa maembe moja, mbili, tatu. Sasa ulipomwambia ahesabu kwa mbili mbili akachukua wimbo wa pili akauweka juu ya sheria ya kwanza. Ukimwambia umekosea unamvuruga, kwasababu hajui amekosea wapi, sheria kaifuata.

Kinachotakiwa ni kubadilisha "kitu". Kitu sasa sio kizibo, ni jozi. Mkono usogeze viwili ndo mdomo utaje neno moja. Hiyo haielezeki kwa mdomo hata ukiwa profesa, lazima mkono uifanye.

Fanya hivi. Siku ya kwanza usihesabu kabisa. Chukua trei ya mayai tupu, mpe vizibo, mwambie kila shimo liweke viwili. Basi. Ajaze mashimo matano, aone kwamba kila nyumba wamelala wawili. Mwambie akufumbe macho akuibie kimoja, wewe uangalie ni nyumba gani imebaki na mpweke. Alafu mbadilishane. Cheza hapo hata siku mbili tatu, usiwe na haraka.

Baada ya hapo ndo mhesabu, lakini kwa kunong'ona na kupaza. Anagusa kizibo cha kwanza cha nyumba ananong'ona "moja", cha pili anapaza "MBILI". Nyumba inayofuata ananong'ona "tatu", anapaza "NNE". Watoto wanapenda hii kufa kwasababu kuna kupiga kelele kwa ruhusa. Ukiona ameshazoea mwambie sasa zile za kunong'ona zisemee tumboni, midomo ifumbwe. Zikishaingia tumboni, kinachotoka nje ni 2, 4, 6, 8, 10, na mkono unaenda nyumba kwa nyumba. Hapo atakwambia mwenyewe viko kumi. Usimwambie wewe.

mama_wawili
Ticha Mungu akubariki. Hiyo ya kufumba macho naanza leo. Trei nitaomba kwa wa chips.

mkaa_baraza
Mnahangaika na trei na bao mnalo. Bao la kujifunza, lile wanaloanzia watoto, kila shimo lina kete mbili. Mashimo 32, mistari minne ya nane nane, kete 64. Mtoto akipanga tu kabla hata hamjacheza ameshahesabu mbili mbili bila kuambiwa. Mstari mmoja ukijaa 16, upande wako wote 32, bao zima 64. Mimi nilifundishwa na marehemu babu hivyo, alikuwa hakuruhusu kucheza mpaka umtajie kila mstari umeishia ngapi, na kama kete imepotea unaijua hapo hapo kwasababu shimo moja linabaki na moja. Kama huna ubao chimbeni uani, kete tumieni komwe au kokoto. Sisi tulichimba mpaka bibi akaanguka kwenye shimo, tukapigwa marufuku mwezi mzima.

kijiti_cha_moto
Na mdako je? Unarusha juu, unazoa vijiwe shimoni, kwanza za moja moja, ukimaliza mbili mbili, ukimaliza tatu tatu. Ule mchezo wote ni hesabu hizi hizi, alafu shuleni wanakufukuza uwanjani ukajifunze hesabu.

ticha_wa_vidudu
Mdako ni dawa. Na uzuri wake mwingine, ukiwa na vijiwe 10 ukienda mbili mbili vinaisha, ukienda tatu tatu kinabaki kimoja kinakutazama. Mtoto anauliza mwenyewe kwanini. Hapo hata mimi huwa sijibu, nawaachia wabishane.

baba_kiduchu
Naomba niongeze tahadhari maana yalinikuta. Mimi nilitumia maharage. Mkubwa anapanga tano tano vizuri kabisa, mdogo wake miaka 2 yuko pembeni kimya. Mjue mtoto wa miaka 2 akiwa kimya kuna jambo. Usiku analia, pua moja inatoa makamasi mazito na harufu. Kesho yake zahanati, haragwe. Limeshavimba humo ndani kwasababu ya unyevu. Mama yake alikuwa ameshajaribu kulitoa na pini ya nywele, akalisukuma zaidi, daktari alitugombeza wote wawili mbele ya foleni. Kwahiyo kama kuna mdogo wake ndani tumieni vitu vikubwa, na hata vizibo vya chupa za maji mhesabu vikitoka na mhesabu vikirudi, na likiingia puani au sikioni msichokonoe, pelekeni hospitali.

Kwenye kuhesabu vikirudi kuna faida pia, nilikuwa namwambia mkubwa rudisha kwa tano tano kwenye kopo, kama ulitoa 30 zirudi 30. Yule alijua tano tano kwa woga wa pua ya mdogo wake.

mama_wawili
@baba_kiduchu umenitisha kaka, wangu mdogo ndo wa kuweka kila kitu puani. Nitafanya akilala.

mvita_damu
Hamjambo nyote. Mimi niko Mombasa, wangu yuko gredi ya kwanza. Tano tano kwetu ilikuja na sarafu za shilingi tano. Nilimpa kopo la sarafu za mabuyu na viazi karai ninavyouza jioni, akawa ndiye karani wangu. Mwanzo alikuwa akihesabu sarafu moja moja na kuniambia "mama zipo kumi na mbili", namwambia sarafu ni kumi na mbili sawa, pesa ni ngapi? Hapo ndipo alipokwama siku mbili. Nikachukua chaki, nikachora kiganja kwa kila sarafu, vidole vitano, sarafu juu ya kiganja. Akahesabu vidole, akaona kwamba hii sarafu moja imebeba vidole vitano ndani yake. Kisha nikafuta vidole nikaacha sarafu. Sasa hivi anakwenda 5, 10, 15, 20 mpaka 60 na akinikuta nimekosea chenji ananisuta mbele ya wateja.

Ila nawaambia pesa si ya kuanzia. Pesa ni ngumu kuliko vizibo kwa sababu tano haionekani, iko ndani ya sarafu. Anzeni na vitu ambavyo mtoto anaweza kuvigusa vyote vitano.

ticha_wa_vidudu
@mvita_damu dada umeongea kitu kikubwa hapo mwisho. Kuna mwanasaikolojia wa Marekani anaitwa Jerome Bruner, miaka ya 1960 alieleza kwamba mtoto anaanza kwa kutenda, ndo aje kwenye picha, ndo aje kwenye alama. Wewe umefanya zote kwenye sakafu ya jikoni, kiganja cha kweli, kiganja cha chaki, alafu sarafu. Shuleni tunakosea tunaanzia kwenye alama, 5, 10, 15, ___, 25, jaza nafasi. Mtoto anajaza 16.

muuza_genge
Tano tano nenda sokoni. Mafungu ya nyanya. Mimi nina genge, mwanangu wa miaka 7 ndo anapanga mafungu jumamosi, nyanya tano tano, nne chini moja juu. Akipanga mafungu sita namuuliza tumetoa nyanya ngapi kwenye tenga, anapita na kidole fungu kwa fungu, tano kumi kumi na tano, thelathini. Na bei pia, fungu moja jero, yaani mia tano, anaenda jero, buku, buku jero, buku mbili, buku mbili jero, buku tatu. Ticha wake hapendi akisema jero shuleni lakini hesabu ni ile ile.

mtu_wa_zamani
Sasa huyo wa genge ndo namuelewa. Hesabu yenye hela ndani yake. Lakini bado nasema tebo ikaririwe.

nahesabu_mvua
Hivi mmewahi kujiuliza kwanini kumi kumi kwa Kiswahili inawasumbua watoto kuliko tano tano? Wangu alikuwa anafika ishirini anakwama, anasema "kumi na kumi". Nikakaa nikafikiria, mtoto ameshajua mbili, tatu, nne, tano. Alafu ghafla unamwambia ishirini, thelathini, arobaini, hamsini. Wapi na wapi? Mbili haimo kwenye ishirini, tano haimo kwenye hamsini. Haya ni maneno ya Kiarabu na mtoto hana cha kushikia. Ukifika sita, sitini, saba, sabini, hapo anaona undugu, anakimbia. Anakuja kujikwaa tena nane na themanini. Kuanzia hapo nikajua sio ubongo wake mbovu, ni majina.

Nilichofanya nilitumia makumi kama wanavyosema shuleni, makumi mawili, makumi matatu. Nilifunga vijiti vya fagio kumi kumi na raba, kila fungu naliita kumi. Tukihesabu kwanza tunasema kumi moja, makumi mawili, makumi matatu, makumi manne, mpaka makumi kumi. Mkono wake unainua fungu kila anapotaja. Akizoea ndo naleta jina la pili, "makumi manne, jina lake lingine arobaini, kama wewe unavyoitwa nyumbani jina lako na shuleni jina lako". Hilo alilielewa mara moja kwasababu yeye nyumbani anaitwa Chausiku na shuleni anaitwa jina refu la kwenye cheti.

mama_wawili
@nahesabu_mvua nimesoma hii mara mbili. Kweli kabisa aisee, hamsini. Nimezaliwa nayo sijawahi kuiona hivyo.

bi_mdogo_wa_unguja
Assalaam alaykum. Mimi nataka kuwaonjesha nne nne maana naona mumeiruka. Kwetu sie nilijifunza kwa kibaba. Pishi moja vibaba vinne. Usiku wa kuamkia Idi mama akitandika mkeka, polo la mchele katikati, anapimwa kila mtu wa nyumba zaka ya fitri, kila kichwa pishi moja. Mimi nikipewa kibaba nichote, kaka yangu ataje jina. Nikimwaga vibaba vinne mama akisema "huyo baba", vinne tena "huyo bibi", na mimi huku nahesabu, nne, nane, kumi na mbili, kumi na sita. Tulikuwa watu saba, kibaba cha mwisho ni cha ishirini na nane. Mwaka aliozaliwa mdogo wetu wa mwisho nikafika ishirini na nane nikaweka kibaba chini, mama akanambia "na huyu aliyelala?" Nikachota tena. Thelathini na mbili. Mpaka leo nikiona 32 namuona yule mtoto.

Shuleni walipokuja na tebo ya nne nilikuwa naijua, sikujua tu kwamba inaitwa tebo.

mkaa_baraza
Mashallah bi mdogo. Na kanga je, mnasahau? Doti moja pande mbili. Mama akifungua sanduku la kanga hesabu mbili mbili ziko pale. Na wauza miti wa zamani na korija, ishirini ishirini. Lugha yenyewe ilikuwa inahesabu kwa mafungu kabla ya daftari.

ticha_wa_vidudu
Naomba niseme na shanga kabla sijaenda kusahihisha. Maria Montessori, yule daktari wa Italia aliyefungua nyumba yake ya watoto Roma mwaka 1907, vifaa vyake vya hesabu vingi ni shanga. Kila namba na rangi yake, vijiti vya shanga mbili ni kijani, tatu pinki, tano bluu ya kupauka, kumi dhahabu. Mnyororo wa mia ni vijiti kumi vya dhahabu vimeungwa, mtoto anaulaza sakafuni anatembea nao pembeni anaweka vibandiko 10, 20, 30 mpaka 100. Vile vifaa vya kununua ni ghali, sisi darasani tumetengeneza kwa shanga za kawaida na uzi wa kuvulia samaki, na pale zilipopungua tukamalizia na vipande vya mrija. Anachofaidi mtoto ni kwamba anaona mia ina urefu. Anaitembea. Kuna mmoja aliniambia "ticha mia inaanzia mlangoni inafika kwenye dawati la Juma".

Na chati ya mia msiidharau. Chukua boksi, chora mraba wa kumi kwa kumi, andika 1 mpaka 100, mpe vizibo afunike kila anaporuka. Mbili mbili zinafunika nguzo tano zilizosimama. Tano tano nguzo mbili tu. Tatu tatu zinakwenda mshazari kama ngazi. Usimwambie mapema. Mwache afunike, alafu msimame wote wawili mtazame kutoka juu.

fundi_saa
Na saa ya mshale jamani. Mfuniko wa ndoo, mishale ya boksi, msumari katikati. Mimi nilipata shida mwanzoni kwasababu mshale mfupi ukiwa kwenye 8 sisi tunasema saa mbili, mtoto anachanganyikiwa. Nikautoa kabisa ule mfupi. Nikaacha mrefu peke yake. Dakika haina Uswahili wala Uzungu, mshale mrefu ukigusa 1 ni tano, 2 ni kumi, 3 ni kumi na tano, unazunguka mpaka sitini. Akishaimeza hiyo ndo mrudishie mfupi mpigane nao.

mama_wawili
Wakuu nimerudi na mrejesho, ni wiki na siku mbili.

Trei nimepata. Siku mbili za kwanza tumecheza kuibiana tu, mpweke mpweke, hakuna namba. Siku ya tatu kunong'ona na kupaza, akapaza mpaka jirani akagonga ukuta. Siku ya tano nilimwambia ameze zile za kunong'ona. Alivyofika nyumba ya tatu akasimama. Kidole kiko hewani. Midomo inacheza kidogo hivi, naona kabisa anasema "tano" kwa ndani, alafu "SITA". Akaenda mpaka mwisho, kumi. Akarudia, kumi. Alafu akamwaga vizibo vyote akahesabu moja moja, kumi. Akaniangalia akasema "mama, siku ile nilivihesabu hewa".

Sikumuuliza maana yake nini, nilimkumbatia tu.

Mabaya nayo niseme. Tano tano bado anataka kuanzia kwenye tano kila siku, ukimwekea vizibo 3 pembeni ukamwambia aanzie hapo aongeze tano tano anagoma. Na kumi kumi yuko kwenye makumi, majina ya shule tumefika arobaini tu.

ticha_wa_vidudu
"Nilivihesabu hewa." Hiyo naenda kuwaambia wenzangu kesho ofisini. Ya kuanzia kwenye 3 iache kwanza, hiyo ni ya mbele sana, kwanza mtaani hakuna anayeihitaji.

mama_wawili
Alafu ngojeni niwape ya jana. Kulikuwa na arobaini ya bibi mmoja mtaani kwetu, tumeenda familia nzima. Njiani akaniuliza, mama arobaini si ni makumi manne, sasa makumi manne ya nini? Nikamwambia ya siku. Akanyamaza anahesabu vidole.

Tumekaa ndani kwenye mkeka, watu wamejaa, kisomo kinaendelea, mara namkosa. Nachungulia mlangoni, yuko nje kachuchumaa kwenye viatu. Amevipanga vyote jozi jozi, kandambili kwa kandambili, makobazi kwa makobazi, vile vya kwenye nyumba za watu vinavyokuwaga vimetupwa tupwa vyote vimenyooka ukutani. Anapita na mkono mzima, sio kidole, mkono umefunika viwili. Nikasikia ishirini na mbili, ishirini na nne, ishirini na sita. Akafika mwisho akasimama. Akanigeukia kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Mama, viko ishirini na sita na kimoja, humo ndani kuna mtu ana mguu mmoja!"

Wazee wakaanza kuangaliana miguu, haki ya nani. Mdogo wake ndo alikuwa uani kwa kuku anaburuta ndala ya shemeji.

Sasa ticha wao ametuma ujumbe, wiki ijayo wanaanza tatu tatu. Viatu havifai, macho hayafai. Nimtafutie nini?

mkaa_baraza
Mafiga. Kila jiko la kuni matatu.

mama_wawili
Kaka sisi tunapikia gesi, mafiga ayaone wapi.

mtu_wa_zamani
Bajaji. Kila moja matairi matatu. Mpeleke pale zinapopaki jioni, zimejipanga zenyewe mstari. Mimi nina yangu hapo, ya njano, mwambie aanze na hiyo.